Tunda Hili ni la Mti Gani?

Mara baada ya mvua za masika kukoma, niliombwa na walimu wawili wa bayolojia niandamane na wanafunzi wao wa kidato cha tatu katika matembezi ya kimasomo kwenye miteremko ya milima ya Monduli. Madhumuni yetu yalikuwa kutazama jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu apandavyo kutoka mbuga kavu ya migunga hadi ukingo wa msitu. Tulikuwa tumekwenda kiasi cha saa mbili, na jua limeanza kukaza, pale msichana mmoja aliponijia na kiganja kilichojaa matunda madogo ya rangi ya zambarau iliyokaribia weusi. Akauliza swali ambalo hapana mwalimu wa elimu ya viumbe asiyepata kuulizwa: “Mwalimu, haya yanaliwa?”

Nilimjibu kwamba sijui. Wanafunzi walitazamana. Asubuhi ile walikuwa wametambulishwa kwa mgeni aliyesomea elimu ya mimea Ulaya hadi kupata shahada ya udaktari, na sasa mgeni huyo anashindwa na tunda lisilozidi ncha ya kidole gumba. Mvulana mmoja, kwa heshima zote, aliniuliza kama nimesahau miwani.

Miwani nilikuwa nayo. Nilichokosa ni tawi. Tunda lililokwisha kuchumwa, likatengwa na kikonyo na jani lake, hutueleza mambo machache tu. Niliweza kuona kwamba lina nyama laini yenye majimaji, kwamba ngozi yake ni nyembamba na inang'aa, na kwamba halina kokwa moja kubwa kama la embe. Hayo yote huweza kusemwa juu ya matunda ya mimea mingi isiyo na udugu wowote baina yake. Rangi nayo haisaidii. Zambarau hufikia weusi huo, mnavu hufikia weusi huo, na miti kadhaa ya porini hufikia weusi huo huo, kwa kuwa mti hauna miguu na wahitaji ndege au mnyama wa kuzichukua mbegu zake. Tunda jeusi linalong'aa kati ya majani mabichi ni tangazo lisomekalo kwa mbali, na mimea ya koo mbalimbali imelitumia tangazo hilo kila mmoja kwa wakati wake. Nilipokuwa nikisoma Ulaya, profesa wangu alikuwa na desturi ya kuweka tunda moja mezani na kutuuliza jina lake. Aliyetaja jina upesi alipewa sifuri. Aliyesema “nileteeni tawi” alipewa alama zote. Wakati ule niliona ni mzaha wa kizee.

“Umeyachuma wapi?” nikamuuliza yule msichana.

“Kwenye vichaka vile, Mwalimu,” akajibu, akionyesha nyuma tulikotoka.

Neno hilo, vichaka, lilinitia wasiwasi kwa sababu lilikuwa katika wingi. Nikamwomba asiyale wala asiyatupe, ayafunge katika leso. Kisha nikauliza kama yuko aliyekwisha kuonja. Baada ya kimya kirefu mkono mmoja ulinyanyuka, wa yule yule mvulana wa miwani. Alikuwa amekula tunda moja. Tukageuza safari, naye mwalimu mmoja akatangulia kwenye gari ili liwe tayari.

Kanuni tulizorithi

Njiani wanafunzi walinitolea kanuni walizofundishwa nyumbani. Nazitaja hapa kwa sababu najua zimo pia katika vichwa vya wasomaji wengi, na wako walimu wanaozirudia darasani kana kwamba zimethibitishwa.

Ya kwanza yasema kwamba mmea utoao utomvu mweupe kama maziwa una sumu. Mtu wa Pwani atacheka akisikia hivyo. Mbungo, ule mmea utambaao juu ya miti ambao wataalamu huuita Saba comorensis, hutoa maziwa ukiukwaruza kidogo tu, na juisi ya mabungo hunywewa Unguja na Tanga bila mtu kuogopa. Mkuyu una maziwa, na papai bichi lina maziwa. Kwa upande wa pili, ndulele, Solanum incanum, ambayo kila mchungaji anaijua kwa vijitunda vyake vya manjano kandokando ya njia na mazizi, haina maziwa hata tone, na ni sumu.

Kanuni ya pili ni ya ulimi: kichungu ni sumu, kitamu ni salama. Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa inamtaka mtu aonje ndipo ajue. Mchunga ni mchungu kama jina lake, na watu huupika mboga. Utamu nao ni dalili ya sukari tu. Sukari na sumu ni vitu viwili vitengenezwavyo kwa njia mbalimbali ndani ya mmea, na hakuna sheria yoyote ya kemia izuiayo visikae ndani ya ganda moja.

Mwanafunzi aliyekuwa amesoma mbele kidogo ya wenzake akashauri tutazame ukoo: tunda likiwa la jenasi yenye sumu liachwe, likiwa la jenasi njema liliwe. Wazo hili lina akili ndani yake, lakini nalo lina mipaka. Mtonga wa misitu ya miombo, Strychnos cocculoides, huzaa tunda la mviringo lenye ganda gumu kama ubao, na watoto wa Iringa na Tabora hulipasua na kufyonza nyama yake tamu huku wakitema mbegu. Mtonga ni wa jenasi moja na Strychnos nux-vomica wa Asia, ambao mbegu zake zina strikinini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1818 na wanakemia wa Kifaransa Pelletier na Caventou. Na ukienda upande wa Karagwe na Rwanda, wawindaji wa zamani walitumia Strychnos usambarensis katika sumu ya mishale. Mmoja huliwa, mmoja huua kwa kukakamaza misuli, mwingine hupaka mshale. Wote watatu wana jina moja la kwanza. Mwaka 1826 mtaalamu wa Kifaransa Delile, alipoipa jina spishi nyingine ya jenasi hii iliyoletwa kutoka Sudani, aliona ni vyema aiite innocua, yaani isiyo na madhara, kana kwamba anaiombea msamaha kwa ajili ya ndugu zake.

Kanuni ya nne ilitolewa kwa sauti ya pamoja: kilichotafunwa na mnyama hata mtu aweza kukila. Hiyo nitairudia baadaye, kwani jibu lake lilikuwa likitungoja kule vichakani.

Vichaka viwili

Vilikuwa viwili kweli, vimesongamana chini ya mzeituni-mwitu mmoja hata matawi ya kimoja yamepenya katika matawi ya kingine. Vyote vilikuwa na majani magumu, ya kijani iliyoiva, yanayong'aa, nayo yameota jozi kwa jozi, jani likielekeana na jani. Tulipokata ncha ya tawi la kimoja, maziwa yalitoka. Tulipokata la pili, maziwa yalitoka. Vyote vilikuwa na maua machache yaliyobaki, meupe ndani na yenye wekundu kidogo nje, yenye harufu nzuri inayofanana na ya asumini. Vyote vilikuwa na matunda, mengine mekundu na mengine yamekwisha kuwa meusi. Mpita njia angeapa kwamba ni mti mmoja.

Niliwaambia wanafunzi wasiguse midomo yao, wagawanyike makundi mawili, na kila kundi liandike lionalo bila kutaja jina lolote. Baada ya robo saa tulilinganisha maandishi.

Kundi la kwanza liliandika “miiba” katika mstari wa kwanza kabisa, na sababu yake ilionekana mikononi mwao. Kichaka chao kilikuwa na miiba mirefu, imara, iliyonyooka, iliyoota kwenye matawi machanga. Kundi la pili halikuandika miiba. Hapa nilisimama nao kwa muda, kwa maana kuna jambo la kufikiri ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Kuwapo kwa miiba na kutokuwapo kwake si ushahidi wenye uzito mmoja. Ukiona miiba ya namna hii juu ya kichaka chenye maziwa na majani ya jozi, umepata neno thabiti. Usipoiona, hujapata neno bado, kwa kuwa hata mmea wa kawaida yao kuwa na miiba huweza kuwa na tawi lisilo nayo, hasa tawi kuukuu au lililokulia kivulini. Aliyechuma tunda kwenye tawi la namna hiyo akasema “sikuona miiba” hakusema uongo, ila hakusema chochote cha kutusaidia.

Kwa hiyo tulitafuta alama nyingine. Katika kichaka cha miiba, maua na matunda yalikaa kwenye vichala mwishoni mwa matawi. Katika kichaka cha pili yalikuwa yameshikana kwenye makwapa ya majani, yaani mahali jani linapoungana na tawi, yakifuata tawi zima kushuka chini. Tawi changa la kichaka cha pili lilikuwa na pembe, na mtu aliweza kuzisikia kwa kulizungusha kati ya vidole. Jani lake lilikuwa na kincha kidogo kikali. Hatimaye tukapasua matunda kwa kisu, tunda la kila kichaka kwenye karatasi yake. La kichaka cha miiba lilikuwa na mbegu nne nyembamba, bapa. La kichaka cha pili lilikuwa na mbegu moja, nono, upande mmoja bapa na upande mwingine umevimba. Tulipasua zaidi. Kichaka cha kwanza kilitupa mbegu mbili hadi nne. Cha pili kilitupa moja au mbili. Msomaji ataona kwamba tunda lenye mbegu mbili laweza kuwa la upande wowote, na hapo idadi haitoshi bila umbo.

Sasa niliweza kusema. Kichaka cha miiba kilikuwa Carissa spinarum, ambacho vitabu vya zamani hukiita Carissa edulis, na neno hilo edulis maana yake ni chenye kulika. Tunda lake likiiva huliwa na watoto na wachungaji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wakamba huliita mukawa, na Wajaluo ochuoga. Kichaka cha pili kilikuwa Acokanthera schimperi, msunguti, mti wa sumu ya mishale.

Nikamtazama mvulana wetu. Nilimwomba aoneshe mkono aliochumia. Ulikuwa umechanwa kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, michubuko mibichi ya siku ile ile. Sikupata kuifurahia michubuko ya mtu kama nilivyoifurahia hiyo. Hata hivyo tulimweka chini ya macho yetu hadi jioni, kwa maana mtu aweza kuchubuliwa na kichaka kimoja na kuchuma katika kingine.

Jina na sikio

Tulipokuwa tungali hapo alipita mama mmoja wa Kimaasai akiswaga punda wawili waliobeba maji. Mwanafunzi mmoja mwenyeji alimwamkia, “Takwenya, yeyo,” naye akaitika, “Iko.” Tukamwomba atuambie majina ya vichaka vile. Hakuvikaribia. Akiwa umbali wa hatua kumi alinyosha fimbo kwenye cha miiba akasema olamuriaki. Akainyosha kwenye cha pili akasema olmorijoi. Akaongeza kwamba mizizi ya hicho cha kwanza huchemshwa katika supu, na kwamba kijiti cha hicho cha pili hakichomewi nyama.

Mama yule alikuwa amefanya kwa dakika moja kazi tuliyoifanya kwa robo saa na kisu. Lakini nilipokusanya madaftari nilikuta kitu kingine. Kati ya wanafunzi wasiojua Kimaasai, watatu walikuwa wameandika jina moja kwa vichaka vyote viwili, kitu kama “olmuriai”. Masikio yao yalisikia mwanzo unaofanana na kuupuuza mwisho. Mama hakukosea, waliokosea ni waandishi. Laiti mmoja wao angerudi nyumbani na kuwaambia wadogo zake kwamba “olmuriai” huliwa.

Nayasema haya si kwa kudharau majina ya kienyeji. Katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu jina la mahali ni hazina, na mara nyingi ndilo njia fupi kuliko zote ya kufikia jina la kitaalamu. Ila jina ni ushahidi wa kuhojiwa kama ushahidi mwingine. Muulize mzee jina mbele ya mti wenyewe, si mbele ya tunda lililo mfukoni. Mwombe alitamke mara mbili, na mwenyeji aliandike. Muulize sehemu gani hutumika, wakati gani, na ikiwa tayari imeivaje. Kisha muulize mtu wa pili asiyekuwapo wakati wa mazungumzo ya kwanza.

Sumu ya moyo

Msunguti umewahudumia wawindaji wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu sana. Wakamba na Wagiriama, miongoni mwa wengine, walichemsha vipande vya magome, mizizi na kuni zake kwa saa nyingi hadi vikabaki rojo jeusi mfano wa lami, wakalipaka nyuma ya kigumba cha mshale. Mwaka 1888 mwanakemia wa Kifaransa Arnaud alitenga kutoka katika mti wa jenasi hii kitu kilichopewa jina la ouabaini, neno lililotokana na Kisomali waabaayo, ambalo ni jina la sumu ya mishale.

Namna ouabaini inavyofanya kazi yafaa ifundishwe katika kila darasa linalosoma juu ya utando wa seli. Katika utando huo mna pampu ambayo kwa kila mzunguko hutoa ioni tatu za sodiamu nje na kuingiza ioni mbili za potasiamu ndani. Ouabaini hujibandika upande wa nje wa pampu na kuizuia. Sodiamu hujaa ndani ya seli, na kwa sababu hiyo kalisi nayo hushindwa kutolewa ipasavyo. Misuli ya moyo, ambayo hujikunja kwa amri ya kalisi, kwanza hupiga kwa nguvu kupita kiasi, kisha mapigo hupotea utaratibu, na mwisho moyo husimama. Pampu yenyewe ilielezwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyeifanyia uchunguzi katika neva za kaa wa pwani, naye alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Sumu ya mshale ilikuwa mojawapo ya vifaa vilivyowawezesha wataalamu kuitambua pampu hiyo, kwa kuwa kilichozuiwa na ouabaini kiliweza kutofautishwa na kisichozuiwa.

Wanafunzi huuliza: mbona nyama ya mnyama aliyeuawa kwa mshale huliwa? Sababu moja ni kwamba ouabaini hupenya kwa shida katika matumbo, ingawa hufanya kazi upesi ikiingia katika damu. Jambo hilo lisimpe mtu ujasiri wa kutafuna msunguti. Mti huu una glikosidi nyingine zaidi ya ouabaini. Yako maeneo ambako tunda lake lililoiva kabisa huliwa, hasa wakati wa njaa, lakini tunda bichi ni sumu kali, na kati ya bichi na lililoiva hakuna mstari uliochorwa. Mimi silili, wala simruhusu mwanafunzi wangu alile.

Hapa ndipo lilipo jibu la kanuni ya nne. Katika Kenya na nchi za jirani yuko panya mkubwa mwenye manyoya marefu ya mgongoni, Lophiomys imhausi. Panya huyu hutafuna magome ya msunguti, akayachanganya na mate, akajipaka kwenye manyoya maalumu ya ubavuni yaliyo kama sifongo. Mbwa anayemng'ata huugua au hufa. Jambo hilo lilielezwa na Jonathan Kingdon na wenzake mwaka 2011, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, wa panya walionaswa nchini Kenya, ulithibitisha kwamba desturi hiyo si ya panya mmoja mwenye wazimu. Panya huijaza sumu ya moyo kinywani mwake na kwenda zake. Basi mtu akikuambia kwamba tunda fulani ni salama kwa sababu amemwona mnyama akilitafuna, muulize ni mnyama gani, na ana moyo wa namna gani.

Kosa la mwaka 1844

Ili wanafunzi wasijione wajinga, niliwasimulia habari ya mwanzo wa jina la msunguti. Mwaka 1844 Alphonse de Candolle wa Geneva, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea wa karne ile, alikuwa na matawi makavu yaliyokusanywa Ethiopia na Mjerumani Wilhelm Schimper. Aliyatazama majani ya jozi na maua, akaamua kuwa ni spishi mpya, na akaiita Carissa schimperi. Yaani aliiweka sumu ya mishale ndani ya jenasi ile ile ya tunda la watoto. Baadaye wengine walipochunguza upya waliuhamishia mti huo katika jenasi Acokanthera, ambayo leo inahesabiwa kuwa na spishi tano. Jenasi zote mbili zimebaki katika familia ya Apocynaceae, pamoja na mbungo.

Mtu aliyekuwa na lenzi, maktaba na nafasi ya kutosha aliweza kuchanganya vichaka hivi. Msichana wa kidato cha tatu, jua limemkaza na kiu imemshika, afanyeje?

Kazi kwa darasa

Afanye walivyofanya wanafunzi wetu baada ya hapo. Kwa kila kichaka walikata tawi la urefu wa kiasi cha karatasi ya gazeti likunjwapo, lenye majani, maua na matunda pamoja. Waliliweka kati ya kurasa za gazeti, jani moja likigeuzwa ili upande wake wa chini uonekane, wakalikandamiza kati ya mbao mbili kwa kamba. Karatasi hubadilishwa kila siku hadi mmea ukauke. Mvivu wa kubadilisha atapata ukungu. Matunda yenye majimaji hukatwa katikati au huwekwa katika bahasha pembeni. Kwenye lebo waliandika tarehe, mahali, mwinuko, urefu wa kichaka, rangi ya maua na ya matunda mabichi na yaliyoiva, na kwamba kuna maziwa. Rangi na maziwa visipoandikwa papo hapo havitapatikana tena, kwa kuwa mmea mkavu huvipoteza. Kisha wakanawa mikono kwa sabuni.

Sampuli kama hizo zaweza kupelekwa katika Hebaria ya Taifa iliyoko Ngaramtoni karibu na Arusha, au katika hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mimea iliyokaushwa huhifadhiwa kwa kulinganishwa. Huko hutumika pia mfululizo wa vitabu vya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, wenye spishi zaidi ya 12,000. Sehemu ya kwanza ya familia ya Apocynaceae, yenye vichaka vyetu vyote viwili, ilitungwa na E. A. Omino na kutolewa mwaka 2002. Vitabu hivyo hutumia ufunguo wa utambuzi: maswali mawili mawili, kila jibu likikupeleka kwenye jozi nyingine ya maswali. Mwalimu hana haja ya kuvisubiri. Vichaka vitano vilivyo nyuma ya madarasa vyatosha kwa wanafunzi kutunga ufunguo wao wenyewe, kisha darasa jingine likaujaribu.

Siku hizi napokea kwa simu picha za matunda yaliyokaa kiganjani, pamoja na swali lile lile. Ziko pia programu za simu zitajazo jina la mmea kwa kutazama picha. Sizikatai, lakini zinajibu kwa kadiri ya kilichoonekana, na kiganja hakisemi lolote juu ya makwapa ya majani. Anayetaka jibu langu apige picha ya tawi zima, ya jani pande zote mbili, ya mahali tunda liliposhikwa na tawi, na ya tunda lililokatwa. Na kama mtu amekwisha kula asichokijua, asingoje jina wala dalili. Aende hospitali mara moja, asitapishwe kwa nguvu, na achukuliwe pamoja na mabaki ya tunda na tawi lake.

Jua lilipoanza kupoa, yule msichana alifungua leso yake juu ya jiwe. Matunda yalikuwa 13. Tulikuwa sasa na matunda ya kulinganishia, tuliyoyachuma wenyewe kwa kila kichaka na kuyapasua. Akaliweka kila tunda chini ya kisu, moja baada ya jingine, akitenga mbegu kwenye karatasi mbili huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Kulikuwa na 11 yenye mbegu bapa, nyembamba. Mawili yalikuwa na mbegu moja moja, nono.

“Lakini nje yalikuwa sawasawa,” akasema, akaomba ruhusa akanawe mikono tena.